Kunde Nyuma ya Waya

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua hakuna.

Naanza hivyo kwa sababu hiki ni kitabu cha mvua. Afisa wa kilimo alitufundisha zamani, kanisani kwetu Sagalla: andika siku ya kupanda, siku ya mvua, hasara, na sababu ya hasara. Wenzangu walicheka wakaacha. Mimi Gertrude, na darasa langu la nne, sikuacha. Mwaka wa viwavi niliandika viwavi. Mwaka wa ndovu niliandika ndovu. Jua nimeliandika mpaka nikachoka nalo.

Vitabu vyangu vimefungiwa kwa nyumba huko juu mlimani. Hiki ni daftari la sayansi la mjukuu wangu Abby, nimeligeuza naandikia nyuma.

Niko hapa Mgungani, kwa mwanangu Gibson, tangu Julai. Aliniteremsha nitolewe mtoto wa jicho. "Miezi miwili tu, mama." Daktari amemalizana na jicho. Gibson ndiye hajamalizana na mimi. Amesema atanirudisha kabla ya vuli nikapande. Nimemwambia, hayo nayaandika.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua hakuna. Everlyne, mke wa Gibson, ameosha gari kwa mpira wa maji. Gari halikuwa chafu.

Jumapili, 12 Oktoba

Kanisani mama mmoja ameniuliza ninakaa wapi. Niliposema Mgungani, benchi nzima ilifanya "Aaa!" kama nimesema mbinguni. Basi niandike hiyo mbingu.

Nyumba ni arobaini na mbili. Kila moja ina ukuta wake, na juu ya ukuta boganvilia, kama vile ukuta umeona aibu ukajifunika. Barabara zina miti pande zote mbili, mwarobaini na mikrismasi ya maua mekundu, kivuli mpaka saa sita. Ukitoka geti kubwa ni vumbi la Voi, jekundu, linakuingia hadi kwa meno. Ukiingia ndani ni kijani kama mlima wetu mwezi wa tano. Wana kisima cha mashine. Nyasi zinanyweshwa asubuhi na jioni. Nyasi! Ambazo hakuna ng'ombe wa kuzila.

Barabara wamezipa majina ya wanyama. Twiga, Swara, Pundamilia. Ya ndovu haipo. Labda waliona atakuja kudai nyumba.

Mti wa kuliwa hakuna hata mmoja. Nimezunguka nikitafuta. Papai hakuna. Mwembe ulikuwepo kwa Bwana Festus, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, akaukata kwa sababu unaleta nyani.

Nyuma ya nyumba yetu mtaa unaishia kwa waya wa stima. Ng'ambo ya waya ni kichaka, miiba na vumbi, na kichaka hakina mwisho, kinaungana na mbuga. Juu ya kichaka, nikisimama jikoni, naona mlima wangu.

Na watu? Saa kumi na mbili wanatoka na magari yamefungwa vioo, jioni wanarudi yamefungwa vioo. Mama wa nyumba ya mbele alifiwa na baba yake mwezi uliopita. Nilijuaje? Abby alisoma kwa simu. Mtaa mzima walituma picha za mikono iliyokunjwa kama ya maombi. Kuni hakuna aliyebeba. Mimi nilijitwika kilo nne za unga nikaenda. Msichana wa kazi akafungua tundu la geti.

"Umeitwa, nyanya?"

"Sijaitwa. Kumefiwa."

Akaenda kuuliza. Nimezika watu sabini katika maisha yangu na sijawahi kuambiwa nisubiri nje.

Mtu anayeongea hapa ni mmoja, Munyao, askari wa waya wa nyuma. Mkamba, ndevu zimeanza kuingia mvi, na bado ananiita susu, kwao ni nyanya.

"Susu wa nani? Wewe na mimi tumepishana kidogo tu."

"Kweli, susu. Wewe ulimwona Nuhu, mimi niliona mashua."

Nampa chai kila asubuhi kabla hajaenda kulala. Kikombe chake kiko kando, cha bati. Everlyne ndiye alikiweka kando, si mimi.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua hakuna, lakini leo nimepata maji.

Maji ya bafu za Mgungani yote yanapita kwa bomba moja chini ya waya, yanamwagika kichakani. Pale udongo ni mweusi, laini, unanuka sabuni kidogo. Umekaa bure. Nimesimama pale nikauangalia mpaka moyo ukaniuma. Mtu ameteka maji kwa kichwa miaka hamsini halafu aone hiyo.

"Munyao, fungua hilo geti dogo."

"Susu, hili ni la kutokea kukata matawi yakigusa waya."

"Na mimi nina panga."

"Unaenda kukata nini?"

"Fungua kwanza, maswali utaleta baadaye."

Akafungua akicheka.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimepanda. Kunde mistari minane, malenge mashimo sita. Mbegu zilikuwa zimefungwa kwa pembe ya leso yangu tangu Julai. Kando kando nimepanda miche ya pilipili, kwa sababu ndovu hapendi pilipili.

Munyao alinichimbia mashimo. Akaniuliza, "Na ndovu, susu?"

"Mimi ni wa Sagalla. Ndovu ananijua kwa jina."

Kwetu tunatundika mizinga kwa waya, shamba lote limezungukwa. Ndovu akigusa waya, nyuki wanatoka, naye anakimbia kama mtoto. Hapa sina mizinga. Lakini ni kashamba kadogo, kama mkeka. Na mvua ikija niko Sagalla.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Mvua hakuna.

Everlyne ana vyumba viwili vya juu anakodisha kwa wageni wa Nairobi. Wanakuja kuona wanyama kutoka kwa baraza bila kulipa mbuga. Sasa wanyama wamekuwa wachache upande huu, na wageni wananung'unika. Leo ameleta fundi wakajenga bakuli kubwa la saruji ng'ambo ya waya, na mpira wa maji ukapitishwa mpaka huko.

"Everlyne, unamwita ndovu kwa maji. Atakuja na njaa yake pia."

"Mama, ni maji tu. Wana kiu, maskini."

"Na watu wa Sagalla wana kiu. Wapelekee mpira huo."

Akaniangalia vile anavyoniangalia. Ni mwalimu, anajua kunyamaza kwa adabu kunavyouma.

Kutoka bakuli mpaka kunde zangu ni hatua sitini. Nimezihesabu. Niandike ukweli: nilizihesabu leo, na sikumwambia mtu. Gibson na Everlyne hawajui nina shamba huko.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mvua hakuna. Kunde zimeota zote.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua hakuna. Gibson amesema wiki ijayo.

Ijumaa, 31 Oktoba

Mvua hakuna. Wiki ijayo imesogezwa. Malenge yanatambaa vizuri.

Jumapili, 2 Novemba

Wamekuja. Saba, saa kumi na moja jioni, kwa bakuli la Everlyne. Mtaa wote ulitoka. Watu ambao sijawahi kuona miguu yao walikuja na ndala. Bwana Festus alikuja na kaptula, simu juu, akisema "Ajabu! Ajabu!" Mgeni mmoja wa juu alilia machozi. Wakajuana majina siku hiyo, majirani wa miaka kumi, kwa sababu ya ndovu.

Mimi nilimwangalia jike mmoja ambaye sikio lake limechanika. Wenzake walikuwa wanakunywa. Yeye aliinua mkonga akaugeuza upande wa bomba, kwa kunde zangu, akaushikilia hapo.

Sisi wa Sagalla tunajua maana yake. Niliingia ndani nikapika ugali.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua hakuna. Nimechuma majani ya kwanza ya kunde, ya Munyao nusu na yangu nusu. Yake ni ya mkewe Kavinya, anayeuza maandazi ng'ambo ya reli. Yetu nilipika na nazi. Everlyne aliongeza mara mbili akauliza nimenunua wapi. Nikamwambia soko liko karibu.

Alhamisi, 6 Novemba

Munyao ameleta salamu: Kavinya anasema kunde za susu hazina uchungu. Halafu hakunywa chai upesi. Akazungusha kikombe.

"Susu, tung'oe."

"Tung'oe nini?"

"Kunde. Na hayo malenge. Jana alfajiri wamepita karibu. Yule mwenye sikio alisimama."

"Alikula?"

"Alisimama tu."

"Basi ana haki ya kusimama. Malenge yakikomaa nitang'oa. Wewe ukiwaona, piga debe, uniite."

"Sawa, susu."

Hivyo tu. Sawa, susu. Mtu mzima, nywele zinaingia mvi, na nilimjibu kama mtoto aliyechelewa na mbuzi.

Jumapili, 9 Novemba

Mvua hakuna hapa. Sagalla imejifunika wingu tangu asubuhi. Wenzangu wako shambani wanapanda, najua, nawaona kwa akili mmoja mmoja, na mimi niko hapa nakunja taulo za wageni.

Nimempata Gibson kabla hajatoka.

"Mama, kule juu utakaa na nani?"

"Na mimi."

"Ukianguka?"

"Nitaamka. Nimekuzaa nikiwa peke yangu kwa shamba la mtama. Baba yako alikuta tayari unalia."

"Wiki ijayo, mama. Nikipata nafasi."

Nafasi ya kupeleka wageni uwanja wa ndege Mombasa anayo.

Alhamisi, 13 Novemba

Leo nitaandika mpaka mkono ukatae.

Niliamka saa kumi na moja na nusu, nikawasha jiko, nikaweka chai. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nikasikia debe. Mara tatu, halafu Munyao akipiga kelele, "Hooo! Hooo!" Nilijua ni nini. Chai ilikuwa karibu kuchemka. Nikasema moyoni, atawafukuza, huyu ni mzoefu, nikitoka sasa maziwa yatamwagika. Nikasimama pale na kijiko. Debe likalia tena mara mbili.

Halafu halikulia tena.

Niliacha jiko. Geti dogo lilikuwa wazi. Nilimkuta kwa mstari wa tano wa kunde. Debe lilikuwa limekanyagwa, bapa kama sahani. Ndovu walikuwa wameshaingia kichakani, nilisikia tu matawi. Malenge hakuna hata moja. Miche ya pilipili imelala, hawakuijali hata kidogo.

Yeye sitamwandika vile alivyokuwa. Alikuwa na mke. Macho yalikuwa wazi, nikayafunga. Nilivua leso nikamfunika, nikakaa chini kwa tope la sabuni nikamshika mkono. Bado ulikuwa na joto. Nilimwambia "Munyao, chai iko tayari," kama mwendawazimu. Ndiyo maneno yaliyokuja.

Mtaa ulikuja. Simu zilikuja pia, lakini Bwana Festus alisema mtu asipige picha, na hapo alifanya vizuri. Everlyne alianguka magoti akatapika. Gibson aliniinua kwa kwapa. Akaangalia chini, akaona mistari. Yeye ni mtoto wa shamba, anajua mistari ya mama yake. Anajua napanda kunde mbili mbili, mashimo yamepishana.

"Mama," akasema. "Hizi ni nini?"

Akaniongoza mpaka jikoni. Maziwa yalikuwa yamemwagika yakaungua.

Ijumaa, 14 Novemba

Maafisa wa wanyamapori wamekuja kuandika. Gibson alikaa kando yangu, mkono wake juu ya wangu. Waliniuliza niliona nini. Nimesema nilimkuta amekufa, mengine sikuona.

Ni kweli sikuona.

Wakauliza nani amelima pale. Bwana Festus akasema ni askari mwenyewe alikuwa na kashamba kake. Wakanigeukia. Nikaangalia meza.

Jumamosi, 15 Novemba

Gibson amevunja bakuli la saruji kwa nyundo akafunika na miiba. Akaniambia, "Mama, na zile zilizobaki." Nimeenda nikang'oa. Kunde za mstari wa kwanza na wa pili zilikuwa nzima, zimeanza maua. Nimeng'oa kwa mikono yangu.

Mvua hakuna.

Jumanne, 18 Novemba

Abby ameleta simu. Kamati imeandikia mtaa wote. Nimemwambia anisomee kwa Kiswahili. Wanasema askari aliacha kazi bila ruhusa akaenda kwa shughuli zake binafsi, na inaaminika alikuwa amelewa. Chini yake watu wametuma tena ile mikono.

"Shosho, kwani Munyao alikuwa anakunywa?"

"Muulize baba yako."

"Nimemuuliza. Amesema niende nikafanye homework."

Mtoto ana miaka kumi na miwili. Alisimama pale ananiangalia, na jicho langu jipya likaona vizuri vile alikuwa ananiangalia.

Jumamosi, 22 Novemba

Leo wamemzika kwao Kibwezi. Mgungani walituma gunia la mchele. Mtu hakuna aliyeenda. Sikwenda. Miguu yangu ni mizima kabisa.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua hakuna.

Kavinya amekuja. Sikuwa nimewahi kumwona. Mwanamke mrefu, leso nyeusi kichwani, mikono ya mtu wa kukanda unga. Alikuja kuchukua koti na redio ya mumewe, wakampa na barua ya kamati kwa bahasha. Akauliza getini susu wa kunde anakaa wapi.

Nimemkaribisha kwa baraza. Chai akakataa. Barua ilikuwa ya Kiingereza, Abby akaisoma polepole. Ni yale yale ya simu, lakini sasa yana mhuri. Amelewa. Shughuli binafsi. Kwa hivyo kamati haiwezi kumwandikia mjane kwamba alikufa akiwa kazini.

Kavinya alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Aliacha pombe mwaka tulipomzaa Mukonyo, kitinda mimba wetu," akasema. "Miaka minane. Aliachia kanisani, mbele ya watu. Sasa Mukonyo akiwa mkubwa atasoma hii karatasi, imwambie baba yako alikufa mlevi. Haki yangu ya fidia na waichukue. Lakini hilo?" Akaikunja barua mara nne. "Susu, wewe ulikuwa unamwona kila asubuhi. Alikuwa anakunywa?"

"Kwangu alikunywa chai."

"Na siku hiyo alienda kufanya nini huko nje? Hakuwa na shamba. Angekuwa na shamba ningejua, si ningekuwa napalilia mimi?"

Everlyne alikuwa ametokea mlangoni, amesimama na taulo mkononi. Abby ananiangalia.

"Nipe siku," nikasema.

"Siku za nini?"

"Nipe tu. Jumamosi saa nane kamati wanakutana kwa nyasi za Bwana Festus. Uje."

Aliondoka bila kuaga. Everlyne akaniambia, "Mama, tafadhali. Ni sisi. Ni nyumba yetu." Akalia, na alilia kweli. Hapo nikamwona kwa mara ya kwanza: mtoto wa watu, ana deni la nyumba na mume asiyesema na mama mkwe asiyeshiba lawama. Nimemlaumu kwa bakuli lake siku thelathini na sita. Bakuli lake lilikuwa mbele ya macho ya watu wote. Langu nililificha.

Ijumaa, 28 Novemba

Mvua hakuna. Gibson hajasema nami tangu juzi. Sikulala, lakini hiyo ni kawaida ya wazee.

Jumamosi, 29 Novemba

Viti vyeupe thelathini juu ya nyasi, kisiki cha ule mwembe katikati, wameweka juu yake jagi la juisi. Kavinya alikuja. Hakuna aliyempa kiti, akasimama kando ya ua. Nilibeba changu nikampelekea. Hakukaa. Basi tukasimama wote wawili na kiti kati yetu.

Walianza na takataka. Halafu mbwa. Halafu waya wa nyuma, na Bwana Festus akasema kuhusu tukio la kusikitisha la askari, kamati imefunga jambo hilo.

"Halijafungwa," nikasema.

"Mama Gibson, ajenda ina—"

"Ajenda niachie, Festus. Nimekaa kimya wiki mbili, na mimi si mtu wa kukaa kimya, niulizie kwa Gibson. Lile shamba la nyuma ni langu. Kunde mistari minane, malenge mashimo sita. Nililima mimi, kwa maji yenu ya bafu. Munyao alinifungulia geti kwa sababu nilimwamrisha. Aliniambia tung'oe, nikakataa. Nilimwambia akiona ndovu apige debe. Asubuhi hiyo alipiga. Mimi ndiye niliyemwita huko, na sikutoka kwa sababu nilikuwa na maziwa kwa jiko. Maafisa waliponiuliza, nikaangalia meza."

Mtu mmoja akasema, "Lakini si kulikuwa na lile bakuli..."

"Bakuli lilikuwepo, na nyinyi nyote mlilipiga picha. Kila mmoja ana hiyo picha kwa simu. Msitafute wa kuwabebea lawama. Lakini hakufia kwa bakuli. Alifia kwa mstari wa tano."

Nikasikia mashine ya maji.

Kavinya akauliza, bila kugeuza uso kwangu, "Alikuwa amelewa?"

"Hakuwa amelewa. Alikuwa anafukuza ndovu wa mtaa huu kwa debe, na alikuwa kazini."

Akaenda mpaka mbele, mbele ya karani mwenye kompyuta yake, akaweka ile barua iliyokunjwa mara nne juu ya kisiki.

"Andika," akasema.

Karani akamwangalia Bwana Festus. Bwana Festus akaangalia nyasi zake. Ni Everlyne aliyesimama, jamani, Everlyne, na sauti yake ya darasani: "Si amesema uandike? Andika. Na bakuli andika ni la Everlyne." Karani akaandika. Kavinya akasimama juu yake mpaka akasomewa, neno kwa neno, na ikaandikwa kwamba Jumatatu barua mpya ipelekwe kwa maafisa na mimi nikaseme mbele yao. Nimekubali.

Kisha akaja kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kofi, na kofi ningelipokea.

"Susu," akasema, "nilizipika zile kunde. Tulikula nyumba nzima."

"Kavinya—"

"Usije kwangu. Usitume kitu. Usije."

Akaenda zake. Kiti kilibaki.

Jumatatu, 1 Desemba

Mvua. Imeanza saa tisa alasiri, nzito, ya mawe.

Asubuhi nilienda kwa maafisa nikasema yote. Waliandika. Mmoja, kijana wa kiume, akauliza kwa nini sikusema mara ya kwanza. Nikamwambia andika uoga. Akasita. Nikamwambia si ana kalamu?

Jumanne, 2 Desemba

Mvua. Wageni wa Everlyne wamefuta safari. Majirani wakipita wanafunga vioo, lakini walikuwa wanafunga tangu zamani. Nimesimama kwa waya. Pale kwa bomba zimeota kunde tatu, mbegu zilizodondoka nilipokuwa nang'oa. Geti dogo limechomelewa.

Jumatano, 3 Desemba

Gibson amepata nafasi.

Alikuja asubuhi akasema, "Mama, funga vitu." Hakusema wiki ijayo. Everlyne alinifungia unga na dawa za jicho. Akanipa pia kile kikombe cha bati, kimefungwa kwa gazeti. Abby alinishika shingo akanong'ona, "Shosho, niliwaambia rafiki zangu uliongea." Sikujua kama ni sifa au ni mashtaka, na sikuuliza.

Barabara ya mlimani ilikuwa tope. Wenzangu wote mahindi yao yako kwa goti. Gibson alifika mpaka mlangoni, akashusha mzigo, akaacha injini inanguruma.

"Hutaingia?"

"Nitachelewa, mama."

Nilisubiri kuletwa hapa tangu Oktoba. Nilidhani nitashuka kwa gari nikiimba.

Jumamosi, 6 Desemba

Mvua, tangu alfajiri. Mizinga yangu mitatu imehamwa, nyingine ina nyuki. Nimepanda leo, nimechelewa mwezi mzima, sijui kama zitawahi kukomaa. Majirani walikuja kusaidia, wakauliza maisha ya Mgungani. Nikawaambia kuna kivuli kizuri.

Nimetoa vitabu vya zamani kwa sanduku nikavipanga pamoja na hiki. Miaka ishirini na sita. Ndovu, jua, viwavi, ndovu, jua, panya, jua. Nimevisoma vyote. Hakuna mahali nimeandika mtu.

Vuli ya mwaka huu.
Kupanda: 17 Oktoba, Mgungani. 6 Desemba, Sagalla.
Mvua: 1 Desemba.
Hasara: Munyao.
Sababu: Gertrude.